Kivuli cha Mama Turubai

Kivuli cha Mwanahawa kilikuwa kizima kuliko Mwanahawa mwenyewe, na hilo ndilo lililomkera Sikudhani tangu walipofika wodini. Kilisimama ukutani, miguuni pa kitanda, mwili mzima wa mwanga wa kijani, kimenyooka, kifua kinapanda na kushuka bila taabu, magoti laini kama ya msichana. Mwenye kivuli alikuwa amelala ubavu, upande mmoja wa uso umelegea, jicho moja limebandikwa plasta kwa kuwa lilikataa kufumba. Mapigo ya moyo wake yalikuja kwa kusitasita, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua.

"Hebu kitazame," Sikudhani akasema. "Kimenawiri. Wewe umebaki kumbi la nazi, wifi, nyama yote kala yeye."

"Umekuja kuniuguza au kunisimanga?" Maneno ya Mwanahawa yalitokea pembeni mwa mdomo.

"Vyote. Nina mikono miwili."

Mwanahawa alicheka kidogo, kicheko kikamchosha, akafumba lile jicho moja lililobaki na utii.

Mji mzima wa Dodoma ulimjua kwa jina la Mama Turubai. Alikodisha maturubai, viti, masufuria ya pilau na majamvi, na hakuna aliyeoa au kuzika upande ule wa mji bila kupita uani kwake. Uani penyewe hapakuwahi kuwa na watu wachache. Ukienda kurudisha mwiko utakuta chai, ukinywa chai utapata habari, ukishapata habari utakuwa umechelewa kurudi kwako. Sikudhani, aliyeolewa na kaka yake Mwanahawa, alihamia nyumba ya pili kwa sababu hiyo tu, na mumewe, ambaye maisha yake yalikuwa barabarani na malori, alikuwa akisema kwamba yeye alioa mke, mkewe akaolewa na dada yake.

Katika miaka hiyo kila mwenye bima alivaa kikuku mkononi. Kikuku kilionja jasho, kikahesabu mapigo, kikapeleka yote hospitali, na huko mashine ikayafuma mpaka ukapata kivuli: mwili wako wa pili, usiolala wala kudanganya. Daktari hakujaribu dawa kwako wewe. Aliijaribu kwenye kivuli kwanza, akaona kama kitapona au kitaanguka. Watu wengi waliokolewa hivyo, tuseme ukweli. Lakini kivuli hakikuishia kwa daktari. Mwajiri alikiomba, bima ilikichungulia, na wachumba nao wakaanzisha desturi yao: Ijumaa kabla ya harusi, familia mbili zinakaa chini, zinawasha vivuli vya bwana na bibi ukutani, zinakula halua zikivitazama.

Ndipo watu walipoanza kuazima vikuku.

Unataka kwenda kupimwa jambo usilotaka lionekane kwako? Nenda kwa Mama Turubai. Alikivua kikuku chake kama anavyotoa sufuria, na kiliporudi alikifuta kwa ncha ya kanga akakivaa. Aliamini kimerudi kisafi. Waliotengeneza vikuku walifikiria wezi, walifikiria maji na vumbi. Hawakufikiria mtu angeazimisha mwili wake.

Daktari Kisamo aliingia na kiti chake mwenyewe, jambo lililompendeza Sikudhani, maana daktari anayesimama ni daktari anayeondoka. Alikuwa mwanamke kijana wa Upare, mwenye sauti ya chini.

"Mama, nikuulize wewe unayeishi karibu naye. Miaka michache nyuma, ulimwona na duara jekundu mwilini? Linatanuka, katikati peupe?"

"Pajani. Lilifika ukubwa wa sahani ya chai. Tulidhani choa. Nikampaka dawa ya choa mimi mwenyewe."

"Na maturubai yake huyaanika wapi?"

"Kule kwenye ukanda wa miti. Kuna nyasi nzuri, hayachafuki."

Daktari alitikisa kichwa taratibu. Ule msitu uliopandwa kuuzunguka mji ili kuzuia vumbi ulileta kivuli cha miti, ukaleta swala, na swala wakaja na kupe wao. "Kupe wale wana mdudu mdogo kama uzi uliosokotwa. Vitabu vya zamani vinauita ugonjwa huu Lyme, jina la mji mmoja huko Marekani. Ukishikwa mapema, vidonge vinaumaliza. Ukiachwa, unaingia kwenye viungo, kwenye mishipa ya uso, kwenye akili. Wakati mwingine unaingia moyoni. Kwake umeingia kote."

Sikudhani alikaa kimya, na kwake kukaa kimya ni kazi. Aliyaona yote sasa yakijipanga. Homa za kuja na kuondoka. Magoti yaliyovimba kama maandazi, leo hili, mwezi ujao lile, mpaka Mwanahawa akawa anashuka ngazi ya mlangoni kwa makalio na kusema anafanya mazoezi. Siku alipopeleka maturubai meusi ya msiba kwenye harusi ya watu, akayafunga kabisa, bibi harusi akalia. Mtaa ukasema Mama Turubai ameanza kuringa. Na kila alipokwenda zahanati, kivuli kilijibu badala yake: mzima, umri tu, apunguze mawazo.

"Basi mpe dawa," Sikudhani akasema.

"Dawa ni ya dripu, iko kwenye lile kabati. Kabati halifunguki." Daktari alielekeza kidole penye shingo ya kivuli, palipokuwa na fundo dogo jekundu. "Kivuli kinasema alishawahi kuchomwa penisilini, koo likaziba, nusura afe. Dawa hii ni ndugu wa ile. Hata tone la kumjaribu chini ya ngozi sipewi."

"Wewe si ndiye daktari?"

"Ndiye. Kabati linakisikiliza kivuli. Liliwekwa hivyo baada ya wenzangu kuua watu kwa haraka zao, na siku nyingine zote linafanya vizuri." Akashusha sauti zaidi. "Moyo ukizidi kulegea nitampitishia waya wa kuusukuma. Lakini waya hauui wadudu, na sijui moyo huu utanisubiri mpaka lini. Nataka kujua jambo moja. Aliyechomwa ile sindano ni yeye, au ni mtu mwingine aliyevaa kikuku chake? Maana nimekitazama kivuli hiki. Kina mimba, mama. Na kina tezi dume."

*

Sikudhani alipiga simu moja tu, kwa mtu sahihi, na mtaa ukaja.

Walikuja na mabakuli, na chapati zilizofungwa kwa kitambaa, mpaka muuguzi akaomba nusu yao wakae korido. Daktari aliwaeleza: anayejua amewahi kukiazima kikuku aweke mkono kwenye kioo cha mashine. Mashine italinganisha, ikikubali itang'oa kipande chake na kumrudishia mwenyewe. Aliwaonya pia. Mtu asijitwishe lisilo lake kwa huruma, maana kabati likifunguka kwa uongo, dawa yenyewe itamuua mgonjwa.

Watu wakaangaliana. Kisha Mzee Mbijili, muuza kahawa, akasogea akiwa ameshika kofia.

"Sukari ni yangu," akasema. "Wanangu wangenikataza halua."

"Ni wewe," mashine ikasema kwa sauti ya upole, na kivuli kikatikisika.

"Tulijua siku nyingi, mzee," mtu akasema kutoka mlangoni. "Wanao ndio wanaotuuliza umekula ngapi."

Akafuata Chilewa, mpiga ngoma wa bendi ya harusi, ambaye moyo wake wa mbio ulikuwa ukimsaidia Mwanahawa kuonekana na afya ya farasi. Akafuata mke wa fundi bomba, akachukua mimba yake. Mtu mmoja alitoa kikohozi, mwingine presha, na yule wa tezi dume alisubiri wanawake watazame pembeni, ambao kwa kweli hawakutazama pembeni. Kila aliyekubaliwa alichukua chake, na kila kilichotoka kilikiacha kivuli karibu zaidi na mwenyewe. Magoti yakavimba. Uso ukaanguka upande mmoja. Kifua kikaanza kusitasita. Watu wakapiga makofi, wakafurahi kuona kivuli kinaumwa, na Mwanahawa kitandani akasema kwa udhaifu, "Ndiyo. Huyo sasa namjua."

Fundo la shingoni likabaki.

"Bado moja," daktari akasema.

Hakuna aliyesogea. Sikudhani akaweka mkono wake kwenye kioo.

"Si wewe," ikasema mashine.

"Rudia. Mkono ulikuwa na mafuta."

"Si wewe."

"Kitu gani kinajua kuliko mimi?" Sikudhani akanung'unika, akajipangusa kwenye kanga, na daktari akamtazama kwa namna iliyomfanya aone haya.

Watu walipotolewa, Mwanahawa alimshika kifundo cha mkono. Vidole vilikuwa baridi.

"Lililobaki usilitafute."

"Unamkumbuka?"

"Nimesahau mengi, wifi. Jana nilisahau jina la kaka yangu. Hilo lililobaki sikulisahau." Akapumzika. "Nilimwambia mtoto wa watu, hili linaishia kwangu. Na wewe unalijua, usinifanyie macho hayo. Apa hutakwenda."

Sikudhani alilijua, ndiyo. Yeye ndiye aliyemkuta Tunu kwenye kibanda cha sindano, kile cha mashine tupu kisicho na mhudumu, kikuku cha Mwanahawa mkononi, midomo imevimba, shingo imejaa, anavuta pumzi kama anayevuta kamba. Kibanda kilimwokoa chenyewe kwa sindano ya pili. Akamfunika kanga, akamsindikiza, na njiani binti akamwambia: kaswende, ya mwanaume wa zamani aliyekwisha kumwacha. Tunu ndiye aliyepamba maturubai ya Mwanahawa kwa vitambaa, binti aliyefiwa na mama yake mapema na kukulia uani pale kati ya masufuria. Sikudhani hakuwahi kumwambia mtu. Ilikuwa siri pekee aliyowahi kuitunza maishani, na aliitunza kwa shida, kama mtu aliyebeba kaa la moto mdomoni.

Kesho ilikuwa Ijumaa ya vivuli. Jumamosi ilikuwa harusi ya Tunu.

"Naapa," akasema, ili mgonjwa aache kuongea.

Kisha akatoka, akasimama koridoni kati ya mabakuli. Akimwacha Tunu, anamuua wifi yake kwa kunyamaza. Akimfuata, hamwambii tu habari, anamwekea binti aliyepakwa singo ya harusi maisha ya mtu magotini, anamwacha achague mbele ya wakwe. Alijaribu kuona lipi ni la mtu mwema. Hakuliona. Aliona tu jinsi Mwanahawa anavyochovya mkate kwenye chai, upande mmoja kwanza, kisha mwingine.

Akaita bajaji, ikaja yenyewe, akaiambia iende mbio.

*

Nyumba ya bibi harusi ilijaa mpaka mlangoni. Tunu alikaa kwenye jamvi, amepakwa liwa ya kunukia shingoni na mikononi, wanawake wamemzunguka wakiimba na kumfunza mambo ambayo nusu yao wenyewe hawayafanyi. Mama Shomari, mama wa bwana harusi, mwanamke mpana mwenye miwani ya dhahabu, alikuwa amekalia kiti kizuri akionja ukwaju.

"Sikudhani umechelewa," akasema. "Nilifikiri umekufa, maana habari zilikuwa hazifiki."

"Mgonjwa wetu, dada. Niazimeni bibi harusi kidogo, nimsugue mgongo. Mnampaka tu, hammsugui."

Bafuni, Sikudhani alifunga komeo, akafungua bomba maji yapige kelele. Akamweleza yote huku akimmwagia maji kwa kopo, kwa kuwa ilikuwa rahisi kusema akitazama mgongo.

Tunu hakugeuka.

"Mama Turubai anajua umekuja?"

"Ameniapisha nisije."

"Ukaapa?"

"Nikaapa."

Maji yakaendelea. Liwa ilikuwa ikiteremka miguuni kwa rangi ya chai ya maziwa.

"Nikikataa, ma'mdogo, utanisema?"

Sikudhani alikuwa amejitayarisha kwa kilio, kwa matusi, hakujitayarisha kwa swali hilo.

"Kusema hakufungui kabati. Ni mkono wako tu. Ukikataa nitarudi nimwambie sikukuona. Jumamosi nitakuja nile pilau, nicheze, hutasikia neno."

"Hiyo siyo ruhusa," Tunu akasema. "Hiyo ni kamba. Umeifunga vizuri, hata haionekani."

"Najua, mwanangu."

"Ungenitukana ningekataa kirahisi."

"Najua."

Binti akageuka. Macho yalikuwa makavu. "Shomari hajui. Nilitaka nimwambie mwenyewe, siku moja, tukiwa tumezoeana. Nilitaka niichague siku." Akachukua kopo mkononi mwa Sikudhani, akajimwagia la mwisho, akajifunga kanga.

Alipotoka, nyimbo zilisimama, maana bibi harusi hatembei kwa kasi hivyo.

"Mama," akamwambia Mama Shomari, "naenda hospitali. Vivuli mlitaka muone kesho. Changu kinaanza kuonekana leo. Ukitaka, twende."

Mama Shomari aliweka chini glasi ya ukwaju, akavua miwani, akaivaa tena. Akainuka bila kuuliza.

*

Mkono wa Tunu ulikuwa bado na alama za liwa penye vidole. Aliuweka kwenye kioo.

"Ni wewe," ikasema mashine, na kwa upole uleule ikataja sindano, na ugonjwa uliotibiwa, na kwamba umepona. Fundo jekundu likang'oka shingoni mwa kivuli. Kabati likafyatuka, likafunguka.

Daktari Kisamo hakusema asante. Alikwenda kwenye kabati kwa haraka ya mtu aliyekuwa amezuiwa mlangoni, akaweka tone chini ya ngozi ya mgonjwa, akasubiri akiitazama ngozi, kisha akatundika dripu. Mwanahawa alikuwa amelala, au amezimia, haikujulikana. Tunu alikaa sakafuni akaegemeza kichwa kwenye godoro.

Mama Shomari alimvuta Sikudhani koridoni kwa kiwiko.

"Wangapi wanajua?"

"Wewe, mimi, daktari na mashine."

"Na mgonjwa."

"Huyo ni kaburi. Ndiyo maana tupo hapa."

Mama Shomari aliusukuma mlango ufungike. "Mwanangu ana kivuli kizuri mno," akasema. "Kizuri kuliko baba yake alivyokuwa. Mimi ndiye niliyemzaa, na namjua. Kina mashimo mahali fulani, ila sijui kikuku cha nani kimeyaziba." Akajipangusa jasho la mdomoni. "Nitamwacha huyu binti amwambie mwenyewe, kwa siku yake. Vivuli vya kesho nitasema nimeumwa kichwa. Lakini nikilisikia mtaani, Sikudhani, hata kwa mzaha, hata kwa fumbo la taarabu, harusi hakuna. Mashine siiogopi. Daktari simwogopi. Nakuogopa wewe."

Sikudhani alivuta ncha ya kanga, akajifunga vizuri.

"Una haki," akasema.

Asubuhi mapigo yalikuwa yameanza kushikana mikono. Bado si mwendo, daktari akaonya, na magoti yatachukua miezi, na huenda baadhi ya majina hayatarudi. Mwanahawa alifumbua jicho, akamwona Tunu amelala kichwa penye godoro, akaona liwa iliyokauka nyuma ya sikio lake. Akaelewa. Akamgeukia Sikudhani.

"Nilikuapisha."

"Uliniapisha."

"Ningekufa vizuri tu. Sasa nitamwangaliaje?"

"Sijui, wifi. Mimi mwenyewe nimeshindwa tangu jana."

Mwanahawa akageuza uso ukutani. Sikudhani akakoroga uji, akasubiri. Baada ya muda mrefu mdomo ule uliopinda ukafunguka bila uso kugeuka, akaulisha kijiko kimoja, halafu kingine. Mwanahawa alinyanyua shuka kwa mkono wenye nguvu, akamgusa Tunu kichwani, na binti, nusu usingizini, akapanda kitandani akajikunja pembeni yake kama alivyokuwa akijikunja utotoni juu ya majamvi.

Simu ya Sikudhani ikalia. Aliitazama. Ilitoka uani kwa Mwanahawa, na alisikia kabla ya salamu jinsi walivyo wengi, vikombe, kikohozi cha Mzee Mbijili, mtu anaambiwa asogee naye asikie.

"Haya, tupe," sauti ya mke wa fundi bomba ikasema. "Tumeambiwa bibi harusi alitoka bafuni na kanga, akaondoka na mkwewe, na mpaka sasa hawajarudi. Eti lile fundo lilikuwa la nani? Usitufiche, tumekaa vizuri."

Walikuwa wamekaa vizuri, alijua. Alijua hata nani amekalia kiti gani, na aliwapenda wote. Hadithi ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo, na ilikuwa yote, mwanzo na mwisho, juu ya ulimi.

"Wifi yangu amekunywa uji," akasema.

"Enhe. Halafu?"

"Amemaliza bakuli."

Upande wa pili ukangoja. Mtu akasema pengine mtandao umekatika.

"Haujakatika," Sikudhani akasema. "Ndiyo habari yenyewe. Mwageni chai, mnywe, na viti vya watu mvifute, kesho kuna harusi."